Toyota 86 ya 2013, ya 2019, au GR86 mpya: kisa cha mfamasia wa Goba

Mwanzoni mwa 2025 dada mmoja mfamasia anayeishi Goba, Dar es Salaam, alinitafuta akiwa na akiba ya shilingi milioni 80 na swali moja: anunue gari la spoti la mtumba sasa hivi, au avute subira, akope kidogo, achukue jipya kabisa? Kazi yangu ni kuagiza magari Japani kwa niaba ya watu, na swali hilo naulizwa mara nyingi. Kisa chake nakieleza kwa ridhaa yake, kwa sababu mahesabu yake yalitoka tofauti na vile wengi wanavyodhani.

Gari alishalichagua: Toyota 86, gia ya mkono. Nyumbani kuna IST ya kwenda kazini na kupeleka watoto shule, kwa hiyo hili halikuwa la shida za kila siku. Lilikuwa la Jumamosi alfajiri kwenda Bagamoyo, na la likizo kupanda Lushoto. Nilifurahi kusikia hivyo. Mtu anayetaka gari la aina hii liwe pia la sokoni, la msibani na la kubebea mifuko ya saruji huishia kuliuza ndani ya mwaka.

Kwa asiyelifahamu: 86 ni gari dogo la milango miwili, viti viwili vya mbele na viwili vya nyuma vya jina tu, linalosukumwa na matairi ya nyuma. Toyota na Subaru walilitengeneza pamoja, na mwenzake ni Subaru BRZ. Yote mawili hutoka kiwanda cha Subaru mkoani Gunma. Lilitoka 2012 likiwa na injini ya bapa ya Subaru, ile ambayo pistoni zake hulala pande mbili, ya cc 1,998 yenye nguvu farasi 200. Mwaka 2016 lilifanyiwa marekebisho, sura ikabadilika na la gia ya mkono likapanda hadi 207. Mwishoni mwa 2021 Japani walianza kuuza mrithi wake, GR86, lenye injini ya cc 2,387 na nguvu farasi 235. Hizo cc 389 zilizoongezeka zishike akilini, maana zina gharama bandarini.

Tulikusanya proforma tatu, yaani ankara za awali za wauzaji. Ya kwanza ni 86 ya 2013, ambayo thamani yake ya kodi ilikuja kama milioni 28. Ya pili ni 86 ya 2019, daraja la GT, milioni 47. Ya tatu ni GR86 mpya daraja la RZ, ambalo Japani liliingia sokoni kwa yeni 3,349,000. Mpaka bandarini lilifika milioni 68. Ukitazama namba hizo peke yake, la 2013 linavutia sana, na yeye alikuwa ameshaegemea huko. Pesa ingebaki, matengenezo yangefanyika taratibu.

Kodi ndiyo iliyogeuza kisa

Tanzania hatuna sheria ya kukataa gari kwa umri kama wenzetu wa Kenya, ambao hawaruhusu gari lililozidi miaka minane. Sisi tunaliruhusu, kisha tunalitoza uchakavu. Kwa viwango vilivyotumika wakati huo, hesabu ilikwenda hivi: ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima. Juu ya jumla hiyo unawekwa ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Gari dogo lililotimiza miaka minane linaongezewa uchakavu wa asilimia 15, na lililovuka kumi asilimia 30. Kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya vyote, uchakavu ukiwamo. Kuna tozo nyingine ndogondogo, na bajeti ya kila Juni hugusa hapa na pale, lakini mifupa ya hesabu ni hiyo.

Sasa chukua thamani ya shilingi 100. Kwa 86 ya 2013, forodha ni 25, ushuru wa bidhaa ni 6.25, uchakavu ni 37.5, na VAT ya yote hayo ni 30.4. Jumla 99.1. Yaani gari linanunuliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa Mjapani na mara ya pili bandarini. Kwa 86 ya 2019 uchakavu ni sifuri, na kodi yote inakuwa 54.9. Kwa GR86 mpya uchakavu hakuna, lakini injini imevuka cc 2,000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa unakuwa mara mbili na kodi yote inafika 62.3.

Weka fedha za kweli. La 2013: milioni 28 na kodi milioni 27.7, jumla karibu milioni 56. La 2019: milioni 47 na kodi milioni 25.8, jumla karibu milioni 73. Jipya: milioni 68 na kodi milioni 42.3, jumla milioni 110.

Tazama tena kodi za mawili ya kwanza. Gari lililozidi jingine kwa milioni 19 kule Japani linalipiwa kodi ndogo kuliko lile la bei rahisi. Dada alinyamaza kidogo, akasema, “Kaka, kwa hiyo nikinunua la zamani nusu ya hela yangu haimo ndani ya gari.” Ndivyo hasa. Shilingi inayolipia umri wa gari hainunui bati, wala injini, wala kilomita. Tofauti ya milioni 19 kati ya magari hayo ilishuka ikawa 17 mlangoni, na kwa hiyo 17 anapata miaka sita ya ujana, marekebisho yote ya 2016, na gari ambalo halijapita mikono mingi.

Kuna mtego mmoja hapa ambao umeumiza watu. Karatasi za Japani huonyesha mwezi na mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza. TRA, mamlaka yetu ya kodi, wanatazama mwaka wa kutengenezwa. Gari lililotoka kiwandani mwishoni mwa mwaka mmoja na kusajiliwa Januari ya mwaka uliofuata lina umri wa mwaka zaidi ya ule unaosomeka kwenye tangazo, na kama liko ukingoni mwa miaka minane au kumi, umri huo ni mamilioni. Jingine: TRA wana mfumo wao wa thamani za magari yaliyotumika. Ukipata bei ya kutupa mnadani, usipige hesabu ya kodi kwa bei hiyo. Ingiza gari kwenye kikokotoo chao kabla hujalipa hata senti.

La zamani lilivyoonekana kwa karibu

Pamoja na hesabu hizo hatukulitupa la 2013 moja kwa moja. Milioni 17 ni pesa, na yeye alikuwa na haki ya kujua kama gari lenyewe lingestahimili.

Nilimwomba muuzaji anitumie karatasi ya mnada, ile ya asili yenye mchoro wa gari na alama za mkaguzi, si tafsiri yake. Alama ya jumla ilikuwa 3.5, yaani hali ya wastani, ndani C. Kwenye mchoro, ubavu wa nyuma kushoto kuliandikwa W2, maana yake bati limenyooshwa na ukitazama kwa mwanga wa pembeni unaona wimbi. Boneti iliandikwa XX: imebadilishwa. Boneti iliyobadilishwa peke yake si msiba, ila kwenye gari la aina hii inakulazimisha uulize kwa nini. Chini, kwenye sehemu ya maelezo ya Kijapani ambayo tangazo la muuzaji liliyaruka yote, mkaguzi alikuwa ameandika kwamba shokapu ni za kurekebisha urefu na ekzosi si ya kiwandani. Tangazo lilisema tu “hali nzuri”.

Shokapu za namna hiyo zinasema mengi kuhusu maisha ya gari. 86 ni gari pendwa la watu wa kuchezesha mkia, wale wanaolitupa gari kwenye kona matairi ya nyuma yakiteleza. Hakuna ubaya katika mchezo huo, lakini gari lililocheza limekula klachi, gia, difu na bushi za nyuma kuliko kilomita zake zinavyoonyesha. Mita inaweza kusoma 70,000 na gia ya tatu ikawa na uzee wa gari la 200,000.

Kisha kuna jambo la injini. Mwaka 2018 Subaru na Toyota waliyaita magari yaliyotengenezwa takriban 2012 na 2013 ili kubadilisha springi za vali, kwa sababu zilikuwa na hatari ya kukatika. Kwenye injini ya bapa kazi hiyo inataka injini ishushwe. Huko Marekani baadhi ya wenye magari walilalamika kwamba injini zao zilikufa baada ya matengenezo hayo hayo, kwa sababu silikoni ya kuzibia ilizidi na vipande vyake vikaziba njia ya oili. Kwa namba ya chasisi unaweza kuangalia kwenye tovuti ya Toyota Japani kama gari lako limeshafanyiwa. Hili la kwetu lilionyesha limefanyiwa, ikawa ahueni nusu: springi ni mpya, ila injini imeshafunguliwa na mtu tusiyemjua.

Dada alitaka pia tukaone moja lililokwisha kuingia nchini, namba za usajili za herufi D, linauzwa milioni 48 na halina habari ya bandari. Tulikutana na mwenyewe kwenye gereji moja Kinondoni. Tulipofika gari lilikuwa linanguruma na boneti ni ya moto. Nikamwomba alizime, tukakaa zaidi ya saa nzima, maana injini ya bapa ukitaka ikueleze ukweli iwashe ikiwa baridi. Wakati tunangoja, fundi wake alilala chini kwenye madigadi ya matairi ya nyuma akawasha tochi ya simu. Ndani, juu kabisa ambako maji ya kuoshea hayafiki, kulikuwa na vipande vya mpira vimeganda kama ugoro, matairi yaliyochakazwa kwa kuteleza. Tukainua zulia nyuma ya viti. Kwenye sakafu palikuwa na matundu manne yaliyozibwa na kupakwa rangi, mahali ambapo fremu ya bomba ya kulinda dereva ilifungwa. Tulipoliwasha likiwa limepoa, gia ya pili kwenda ya tatu ilikwaruza. Mwenyewe alisema ni oili ya gia tu.

Fundi alipiga hesabu ya klachi, sinkronaiza, bushi na shokapu za kiwandani, akafika kati ya milioni 7 na 9 kabla ya kugusa injini. Dada alimshukuru mwenye gari kwa muda wake, tukaondoka. Sisemi kila 86 ya zamani iko hivyo. Yapo yaliyotunzwa na wazee wa Kijapani waliokuwa wakiyaendesha Jumapili tu. Lakini ili ulipate hilo unahitaji muda, jicho, na moyo wa kukataa mengi, na bado utalipa kodi ya asilimia 99.

Tahadhari moja ya pembeni kwa wanaopenda bei ya chini: daraja la RC la 86 ya mwanzo lilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotaka kulijenga upya wenyewe. Lina bampa zisizopakwa rangi, ringi za chuma za inchi 16, na halina kiyoyozi. Kwenye picha unaweza kudhani ni gari lililochoka tu. Kwa joto la Dar la Februari, usiliguse.

Jipya: alichokuwa akikilipia

Watu husema jipya lina amani. Nilimuuliza amani ipi. Toyota Japani hutoa warantii ya miaka mitatu au kilomita 60,000 kwa vitu vya kawaida, na miaka mitano au kilomita 100,000 kwa injini na vitu vikubwa. Warantii hiyo ni ya Japani. Gari uliloliagiza mwenyewe kupitia muuzaji wa nje likifika Dar huna wa kumdai. Kwa hiyo nguzo kubwa ya kununua jipya, kwamba likiharibika si tatizo lako, ilikuwa imeshaanguka kabla meli haijang'oa nanga.

Kilichobaki ni gari lenyewe, na hapo GR86 ni zuri kweli, nisimvunje mtu moyo. Injini ya kwanza ina udhaifu unaojulikana: katikati, kuanzia mizunguko kama 3,000 hadi 4,500 kwa dakika, nguvu inazama kidogo, na kwenye foleni za mji hapo ndipo unapoishi. GR86 inafikia mvuto wake mkubwa, Nm 250, kwenye mizunguko 3,700 tu. Ukikanyaga katikati ya barabara linaitika. Dada alilielewa hilo na kulitamani.

Lakini milioni 110 ilimaanisha mkopo wa milioni 30 na ushee kwa mshahara wa mfamasia, na bima kubwa juu yake. Kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5 pamoja na VAT, jipya lingetaka takriban milioni 4.5 kwa mwaka wa kwanza, la 2019 milioni 3. Na gari lililo chini ya mkopo haliruhusiwi kubaki na bima ndogo. Tuliuliza pia GR86 iliyotumika, ya 2022. Tofauti yake na jipya kwenye proforma ilikuwa ndogo mno, na asilimia za kodi ni zile zile, kwa hiyo tukaliacha.

Jambo lililonishawishi zaidi ni bei ya kuuzia. Uchakavu una ngazi mbili, miaka minane na miaka kumi. Mwaka 2028, mtu atakayetaka kuagiza 86 ya 2019 atakuta imeshapanda ngazi ya kwanza, na 2030 itakuwa imeshapanda ya pili. Yeye aliyeliingiza mapema atakuwa na gari lile lile ambalo kodi yake ilishalipwa kwa kiwango cha chini. Kila ngazi inayopandwa huko nje inashikilia bei ya lililo ndani. La 2013 limeshapanda ngazi zote, haliwezi kunufaika tena na mpandisho wowote. GR86 mpya lina safari ndefu kabla ya ngazi ya kwanza, na katika miaka hiyo yote meli zitakuwa zinashusha GR86 zilizotumika kwa bei inayoshuka kila mwaka. Atakayeumia ni aliyelipa bei ya jipya.

Goba ndiyo yenye kauli

Kuna kitu ambacho hakuna proforma inayokionyesha. 86 na GR86 zote ziko milimita 130 tu kutoka ardhini. Barabara kubwa ya Goba ni lami, lakini kutoka lami hadi geti la dada kuna njia ya udongo ambayo mvua za masika huichimba mfereji katikati. Nilimwambia tupite hapo pamoja na futi ya kupimia kabla ya kulipa, na tulifanya hivyo. Penye jiwe moja kabla ya kona ya mwisho gari lililoshushwa kwa shokapu za mchezo lisingepita kabisa, na la urefu wa kiwandani lingepita kwa kuingia kiubavu. Hiyo peke yake ilitosha kuyaondoa yote yaliyochezewa. Kwa gari la milioni 110, kuishi kwa kubahatisha kila mvua inaponyesha kungekuwa mateso.

Aliagiza la 2019. Alama ya mnada ilikuwa 4, ndani B, na mikwaruzo ya A1 sehemu tatu. Kilomita 41,000 zililingana na zilizoandikwa kwenye karatasi ya Japani ya kulitoa gari kwenye usajili kwa ajili ya kusafirishwa, ambayo hubeba usomaji wa mita kutoka ukaguzi wa mwisho. Picha za chini tuliziomba kabla ya kulipa na zilikuja safi, bila kutu.

Kwenye milioni 7 zilizobaki alilipia bandari, wakala, usajili na bima, kiasi kilichosalia akakiweka kando. Baada ya miezi michache alianza kusikia mlio mwembamba klachi ikiwa imeachiwa, unaopotea ukikanyaga pedali. Ni beringi ya klachi, ugonjwa wa kawaida wa magari haya, nao hautishi mpaka mlio uanze kuwepo hata pedali ikiwa imekanyagwa. Fundi wake anatoka kwenye Forester na Impreza, injini za bapa kazijua kabla ya 86 kuja mjini, na hilo limemsaidia hata kwenye plagi, ambazo kwenye gari hili ziko ubavuni kabisa mwa injini na huwatoa jasho wasiozoea.

Kama angekuwa na milioni 50 badala ya 80, ningemshauri asiagize kabisa, aendelee kuwinda lililokwisha kuingia nchini mpaka apate lisilochezewa, hata ikichukua mwaka. Na kama angekuwa anaishi mahali penye lami mpaka getini, na milioni 110 ziko taslimu bila mkopo, GR86 ningeliunga mkono kwa sababu ya injini tu.